Mbio za Dada Zilikuwa za Jioni

Asubuhi dada yangu hakuwa mtu wa kutegemewa. Tulilala kitanda kimoja nyumbani kwetu Kinyala, na mimi mdogo ndiye niliyeamka wa kwanza, majogoo wakiwika, nikaenda kuchota maji wakati ukungu bado umetanda juu ya migomba. Nikirudi namkuta amejikunja vilevile nilivyomwacha, blanketi hadi masikioni. Mama akimsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile?", salamu ambayo maneno yake yanauliza kama umelala, dada aliitikia kwa mguno tu, na mama alicheka akasema, "Huyu hajamaliza."

Jua lilipoanza kushuka alikuwa mtu mwingine. Alitoka shambani na kikapu cha chai mgongoni, akakitua kwenye banda la kupimia, kisha badala ya kupumzika kama wenzake akakimbilia uwanja wa shule ya msingi, peku, sketi ameikunja na kuifunga kiunoni. Alizunguka ule uwanja mpaka giza likaingia. Alikuwa ameshamaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, lakini mwalimu wa michezo hakumfukuza. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Siku moja alimwita aje kukimbia alfajiri. Dada akaenda, akakimbia vibaya, mpaka vitoto vya darasa la tano vikampita. Jioni ya siku hiyohiyo mwalimu akamkimbiza tena umbali uleule, akaitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

"Binti," akamwambia, "asubuhi alikuja nani?"

"Nilikuja mimi, mwalimu."

"Hapana. Asubuhi ulimtuma mtu." Kisha akaacha utani. "Sikiliza. Kila mwili una saa zake. Wako unachelewa kupata moto. Si uvivu, asikudanganye mtu. Mazoezi yako yatakuwa jioni."

Dada alirudi nyumbani amelishika neno hilo kama zawadi. Alimwambia mama mara mbili, "Si uvivu. Mwalimu amesema si uvivu."

Miaka ile maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni ilikuwepo, sukari ilikuwepo, na siku ya soko nguo za mitumba zilimwagwa chini juu ya maturubai, watu wakichagua wameinama. Kwenye rundo mojawapo mwalimu alimpatia dada viatu vya mbio, vyeupe, vyenye jina la mtu wa Ulaya lililoandikwa kwa kalamu ndani ya ulimi. Kwa viatu hivyo alishinda mashindano ya wilaya. Nilikuwepo. Yalifanyika alasiri, mvua imetoka kupita na uwanja wa Tukuyu unanuka nyasi. Mzunguko wa mwisho aliwaacha wote kana kwamba walikuwa wamesimama kuzungumza. Mama, ambaye hakuwahi kuona mbio maishani, alivua kitenge cha juu akakipeperusha, akapiga kelele, "Gwe mwana! Gwe mwana!", yaani ewe mwana, mpaka sauti ikamkauka.

Kisha kiwanda cha chai kikauzwa. Kilikuwa cha serikali, na kilikuwa kimezoea kusimama: leo mashine mbovu, kesho hakuna mafuta, na majani yetu yakioza kwenye banda la kupimia. Walikuja wamiliki wapya, wakafunga mashine mpya, na kiwanda kikaanza kuunguruma mchana na usiku. Watu walifurahi, na sisi tulifurahi. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na ajira ya kiwandani ilikuwa kitu cha kumshukuria Mungu kanisani mbele ya watu. Dada alipopata nafasi, mama alishukuru hivyo kweli.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya zamu ya usiku. Majani huchumwa mchana, hunyaushwa, na kazi kubwa ya kuyasaga na kuyakausha huja watu wengine wakiwa wamelala. Dada alisimama kwenye mashine ya kukaushia, kwenye joto, mpaka kunapambazuka. Alirudi nyumbani wakati mimi natoka kwenda shule. Tulipishana mlangoni, yeye ananukia chai, mimi naelekea kwenye baridi. Mchana alilala, au alijaribu, mama akifukuza kuku mbali na dirisha na kuwazuia wageni uani kwa ishara za mikono. Jioni, saa ambayo zamani alikuwa moto kuliko kila mtu, sasa ndiyo alikuwa anaamka, macho mazito, uso umevimba. Alijivuta hivyohivyo uwanjani, akakimbia kidogo, kisha gari la zamu likapiga honi barabarani.

Mwalimu aliona. Nilimsikia akimwambia mama, "Huyu mtoto wamempindua. Jioni yake wameifanya asubuhi." Mama aliinamisha kichwa. Ajira ile ndiyo iliyonipeleka mimi sekondari.

Wito wa Mbeya ulikuja wakati huo. Walitafutwa wakimbiaji wa kuingia kambi ya taifa, na mwalimu alikuwa amepeleka jina la dada tangu siku ile ya Tukuyu. Tulicheza kwa furaha pale uani. Baadaye tukaambiwa mbio za wanawake zitakuwa asubuhi, kwa sababu alasiri uwanja una mechi ya mpira. Mwalimu alipanda basi hadi Mbeya kuwaomba wabadilishe. Aliporudi alikaa jikoni kwetu akala mbalaga, zile ndizi za kupikwa na nyama, bila kuzisifia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Wamenicheka," alisema mwishoni. "Wanasema mkimbiaji ni mkimbiaji."

Msimamizi wa zamu alimpa dada ruhusa ya siku chache tu. Siku hizo mwalimu alijaribu kuugeuza mwili ambao kiwanda kilikuwa kimeshaugeuza. Alimwagiza alale mapema, aamke alfajiri, akimbie kwenye barabara ya kwenda Kiwira kabla malori hayajaanza kupita. Lakini usingizi hauji kwa amri. Nililala ubavuni kwake nikisikia pumzi yake, pumzi ya mtu aliye macho. Usingizi ulimjia pale mwalimu alipogonga dirisha.

"Nimeshaamka," alimjibu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Siku ya Mbeya jua lilikuwa zuri na baridi ilikuwa kali. Alianza vizuri, hata nikasimama. Mzunguko wa pili mabega yalianza kumpanda. Msichana mmoja ambaye dada alimwacha mbali kule Tukuyu alimkaribia, akampita bila hata kumtazama, kisha wakampita wengine. Hakuanguka, wala hakuacha. Alimaliza nyuma, miguu ikikanyaga kwa uzito kama ya mtu anayetembea kwenye tope, akaja tulipokuwa, akakaa kwenye nyasi na kulala palepale, namba ikiwa bado kifuani. Kelele zote zile hazikumwamsha. Mwalimu alivua lile koti lake la mvua, mara ya kwanza mimi kumwona akilivua, akamfunika.

Aliamka alasiri. Alikaa, akanyoosha miguu, akasimama na kurukaruka kidogo. Macho yalikuwa maangavu kabisa, yale macho ya jioni niliyoyajua.

"Mwalimu," alisema haraka, "sasa naweza. Nasikia mwili umekaa. Waambie wanipe mara moja tu, hata peke yangu, hata bila wenzangu."

Wachezaji wa mpira walikuwa wanaingia uwanjani kupasha misuli. Meza ya waamuzi wa mbio ilishaondolewa.

"Wameshaondoka, binti," alisema mwalimu.

Dada alitazama pale meza ilipokuwa. Kisha akakaa chini, akaanza kufungua kamba za viatu.

Baadaye nilisomea uuguzi, kwa jasho lake, nikapangiwa hospitali ya misheni, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuzunguka vitandani na kipimajoto. Ndipo nilipoona mwenyewe kwamba mwili wa mtu hauko sawa siku nzima. Alfajiri joto la wagonjwa liko chini, jioni hupanda, hata kwa yule anayepona vizuri. Mara nyingi nikishika kipimajoto jioni nilimfikiria dada, ambaye wakati huo alikuwa anasubiri gari la zamu. Alikuwa ameacha kukimbia. Hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa na mtoto, na mchana uliobaki haukutosha kulala.

Mwalimu alifariki wakati wa mvua za masika. Dada alipata habari kiwandani, akaja msibani moja kwa moja kutoka zamu, bado na kilemba cha kazi. Aliwasalimia wafiwa, akasaidia kumenya ndizi, akakaa na wanawake kwenye majani ya migomba yaliyotandikwa uani. Kwaya ilipoanza kuimba, kichwa chake kililala kwenye bega la mama. Watu waliondoka kuelekea kaburini nyuma ya nyumba. Mmoja wa wanawake alinyoosha mkono amtikise, mama akamzuia.

"Mwache mwanangu," alisema. "Huo ndio usingizi wake. Hana mwingine."

Mama alibaki naye. Sisi wengine tulikwenda, tukaimba, udongo ukarudishwa, shada la maua likawekwa. Tuliporudi, tukiwa tunanawa mikono, dada akafumbua macho. Alituona tuna udongo kwenye viatu. Alitazama mlango wa nyumba, akaona jeneza halipo.

"Mama, mmeshamzika?"

"Tumemzika, mwanangu."

"Mbona hamkuniamsha?"

Nilikuwa nimemwona dada akishindwa Mbeya na hakulia. Siku ile alilia kwa sauti, ameshika majani ya migomba kwa viganja vyote viwili, mpaka wanawake waliokuwa wakipakua chakula wakaacha miiko yao wakaja kumzunguka. Kisha alinyamaza, akajifuta uso kwa kilemba, akaniomba nimpeleke. Tulizunguka nyuma ya nyumba, tukasimama mbele ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa imekatika na jua la jioni lilikuwa limetokeza juu ya migomba, na barabarani gari la zamu lilikuwa linapiga honi.