Kijani Kisicholiwa

Wiki nzima nilibishana na bosi wangu juu ya neno moja. Nilikuwa nimelinganisha picha za setilaiti za masika kadhaa, na upande wa Mvumi ulikuwa umezidi kuwa wa kijani. Yeye alitaka ramani iandikwe "Malisho yameongezeka." Mimi nilitaka "Uoto umeongezeka."

"Si kitu kilekile?"

"Hapana, mzee. Setilaiti inaona majani. Haijui kama ng'ombe anayala."

"Wewe unapenda kukuza mambo."

Nikaenda mwenyewe kwa pikipiki, nikakuta kile nilichohofia: vichaka vya miiba vimeziba eneo lote, na chini yake ardhi nyekundu, tupu, bila hata unyasi. Nikapiga picha. Bosi alizitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Hizi ni za simu," akasema. "Sisi tunafanya kazi na setilaiti."

Nikatoka nje kunywa maji, maana ningejibu.

Kisha wafadhili wa mradi wakaja, wakaomba kuyaona hayo malisho. Bosi akavaa viatu vyake vya kung'aa, akatuongoza hadi pale, akaanza kueleza. Mama mmoja mzee alikuwa akipita na ng'ombe wake. Bosi akamwamkia.

"Marahaba," akajibu yule mama. "Mmekuja kuvikata?"

"Kukata nini, mama?"

"Hivi vichaka. Tangu vizibe hapa, ng'ombe nawavusha hadi ng'ambo ya korongo, na huko nako tunafukuzwa."

Wageni wakatazamana. Bosi akageuka haraka, na mwiba ukamnasa suruali. Nikainama kumnasua. Nilitamani kucheka, lakini hasira ilinizidi. Yule mama alikuwa anasubiri jibu, na sisi hatukuwa na panga wala ahadi.

Tukapanda gari kurudi. Tulipokaribia mjini, bosi akanong'ona, "Andika uoto."

Jumatatu, kwenye kikao, aliwaeleza wenzangu kwa utulivu wa mwalimu kwamba si kila kijani ni malisho. Wote wakaandika. Jirani yangu akanigusa kiwiko.

"Andika na wewe," akaninong'oneza. "Hili litakusaidia kwenye ramani zako."