Nilivyomfukuzisha Usama Kazi kwa Seva Yangu

Siku niliyosikia Usama kafukuzwa kazi, nilikwenda sokoni Chake Chake nikanunua samaki, changu mzima, nikamkaanga, nikamla peke yangu huku nacheka.

Sikumbakishia hata paka.

Naanza na hilo makusudi, mnijue vizuri kabla hamjaanza kunionea huruma.

Naitwa Modester. Wazazi wangu ni watu wa Mbinga. Baba alikuja Pemba kufundisha, mimi nikazaliwa Mkoani, kwa hiyo Kipemba nakisikia chote, hata kile cha kunisengenya.

Kazi yangu ni ufundi wa mitandao. Nafunga ruta, navuta waya, natengeneza palipogoma.

Nimepanga vyumba viwili vya uani pale Tibirinzi, kwa mama mmoja mjane anaitwa Bi Mwatum. Yeye anakaa upande wa mbele na mwanawe, Usama.

Usama naye ni fundi wa mitandao. Tulikuwa damu damu. Nikikwama namwita, akikwama ananiita, na akinikuta sijala anarudi kwao kuchukua sahani.

Sasa, kwenye chumba changu kimoja nilikuwa na seva.

Msifikirie kitu cha ajabu. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya ofisi, feni yake inalia kama cherehani. Lakini ndani nilikuwa nimeigawa, kompyuta moja ikafanya kazi za kompyuta sita. Ndizo wenyewe tunaziita mashine pepe.

Moja iliendesha mtandao wa nyumba nne za jirani, kwa kina Usama pakiwemo. Moja ilitunza masomo ya video, wanafunzi wa mtaani wanayafungua bila bando. Nyingine zilikuwa za kuharibu na kutengeneza upya, ili nijifunze.

Miaka mitatu naijenga. Chuo sijasoma. Cheti changu kilikuwa kile kidubwasha.

Basi kampuni moja ya Unguja ikatangaza nafasi ya ofisa wa mtandao. Wakasema vyeti tupa kule, njoo utuoneshe ulichojenga.

Mimi nikaitwa. Usama akaitwa.

"Atakayepata amfundishe mwenzake," Usama akaniambia. Tukapeana mikono.

Usaili ulikuwa Jumatatu. Ijumaa ya kabla yake nikaenda Mtambile, kuna duka ruta yao ilipigwa na radi. Nikarudi saa kumi alasiri, nikafungua skrini niipitie mashine yangu mara ya mwisho.

Orodha tupu.

Nikadhani nimekosea ukurasa. Nikafunga, nikafungua tena. Tupu. Nikakimbilia diski ya bakapu, yenye nakala za akiba.

Nayo tupu.

Haukuwa umeme wala kirusi. Ule mfumo haufuti mashine pepe mpaka uandike kwa mkono namba ya ile unayotaka kuifuta. Kuna mtu aliingia kwa paswedi yangu, akaandika namba ya kwanza, akafuta. Akaandika ya pili, akafuta.

Mara sita. Kwa utulivu wake.

Nilikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumatatu nikaenda Unguja mikono mitupu. Walikuwa watu watatu mezani. "Tunaomba tuone," wakasema. Nikawaeleza imefutwa. Mmoja wao akatabasamu, lile tabasamu la mwalimu aliyeambiwa daftari limeliwa na mbuzi.

Kazi akapata Usama.

Miezi mitatu ya majaribio, anafanyia nyumbani kwao Tibirinzi, kikao cha video kila siku saa tatu asubuhi, kisha ndipo ahamie Unguja.

Nikarudi kuitafuta kweli. Kumbukumbu za seva zilikuwa ndani ya mashine zile zile, zikafutika nazo, lakini kulikuwa na ruta ndogo ukutani ambayo aliyefuta hakuigusa. Ruta haisahau. Inaandika kila simu inayopita, jina lake, namba yake na saa yake.

Nikasoma: Ijumaa, saa saba na dakika nane mchana. Aliyeingia kwenye seva: Simu-ya-Usama.

Nilisoma mstari ule mara nyingi sana.

Paswedi ya seva tulikuwa nayo watu watatu tu. Mimi. Usama, kwa sababu tulisaidiana kujenga. Na Jerry, mchumba wangu, ili umeme ukikatika nikiwa safarini aniwashie. Jerry ni mtumishi wa ofisi huko Mkoani, na kompyuta anajua kuwasha na kuzima tu.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi.

Jioni hiyo Usama akabisha hodi. Alikuwa ameibeba kompyuta yake kifuani.

"Da Mode, hii sina kazi nayo siku hizi, kampuni wamenipa nyingine. Chukua uanzie."

Mimi nilimwona muuaji analeta sanda.

"Asante, kaka'ngu," nikamjibu. "Nitajenga kwenye hii hii yangu."

Nikampigia Jerry nalia.

"Usimuulize," Jerry akaniambia. "Ukimuuliza atakataa, halafu atajihami. Mkomeshe kimya kimya, Mode. Mtu kama yule hastahili huruma."

Nikaona hapo nina mwanaume.

Wiki tatu nilijenga upya. Diski mpya. Mfumo mpya. Mashine pepe moja baada ya nyingine, na bakapu sehemu mbili, moja kwa baba Mkoani. Kila kilichonishinda mwanzo, safari hii kilikaa. Hasira ni mwalimu mzuri kuliko niliowahi kuwaona kwenye video.

Mtandao ndio nilioupanga kwa roho mbaya. Nikafunga swichi ambayo kila waya una mlango wake, na kila mlango nauamrisha ninavyotaka. Waya wa kwao Usama nikauweka mlango wa nne.

Kisha nikaandika kanuni.

Kuanzia saa tatu asubuhi, mlango wa nne ukatike sekunde nane kila baada ya dakika nne. Saa nyingine zote upite kwa mwendo wa konokono.

Sikuukata kabisa, maana waya uliokatika unatengenezwa. Waya unaosuasua unamfanya mtu ajione mjinga mbele ya wakubwa zake.

Asubuhi ya kwanza nilikaa uani na kikombe cha chai, nikamsikia dirishani.

"Samahani, mnanisikia? Samahani. Narudia. Mnanisikia sasa?"

Chai ile ilikuwa tamu.

Akaja kwangu siku ya tatu. "Da Mode, mtandao unanisumbua sana. Hebu tuangalie pamoja."

Nilikuwa nimemsubiri. Kuna mashine pepe moja niliijenga kwa kazi moja tu: kuonesha michoro ya uongo. Nikamfungulia. Mlango wa nne, mstari umenyooka kama rula.

"Huku safi," nikamwambia. "Labda kompyuta waliyokupa ina kasoro."

Akaitizama michoro ile kwa muda. Akanishukuru.

Alijaribu bando la simu, lakini kwao mabati yanazuia, mnara haushiki. Akawa anabeba kompyuta mpaka barabarani, kikao anakifanyia juani, bodaboda zinampigia honi. Nikamwona siku moja anajifuta jasho kwa kola ya shati huku anamweleza mkubwa wake kitu, na mkubwa keshapotea kwenye skrini.

Nikasema moyoni, bado.

Halafu akaja Bi Mwatum. Ana binti Maskati, Suhaila, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

"Mode mwanangu, hebu n'tizamie hii simu. Suhaila ananionesha ntoto, sura inaganda. Nasikia kilio tu, ntoto mwenyewe simwoni."

Nikaishika simu. Nikajifanya nabonyeza bonyeza.

"Ni mitambo ya huko Maskati, Bi," nikasema.

Ningeweza kuufungua mlango ule kwa saa moja tu, alasiri, amwone mjukuu wake. Kidole kilikuwa karibu.

Sikufungua. Nikajiambia, si ndiye aliyemzaa Usama.

Mwezi wa tatu wa majaribio haujaisha, kampuni wakamwandikia Usama barua. Hapatikani kazini, hana umakini, ahsante kwaheri. Mamake ndiye aliyenipa habari, macho mekundu. Nikampa pole.

Nikaenda sokoni kununua changu.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, Jerry akaja kutoka kanisani. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, akatoa nyingine mfukoni.

"Niingizie waifai hii, ile nyingine imekufa."

Katika mfumo wangu mpya, simu ngeni haiingii mpaka niiruhusu mwenyewe. Nikafungua skrini nimkubalie.

Pakaandikwa: Simu-ya-Usama inaomba kuingia.

Nikageuka kutazama mlangoni, nikidhani Usama yuko nje. Hakukuwa na mtu. Usama alikuwa amekwenda Wete kutafuta vibarua.

Nikasoma namba ya simu ile, ile namba ndefu ambayo kila kifaa huzaliwa nayo. Nilikuwa naijua kwa kichwa, ndiyo ile ya mstari wa ruta.

"Jerry, hii simu umeitoa wapi?"

"Hii? Tulibadilishana na Usama. Yeye alitaka ile yangu ya laini mbili."

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya Kwaresima."

Seva yangu ilifutwa katikati ya Kwaresima.

Usama nilikuwa namwona na simu nyingine mkononi kila siku ya Mungu, wala sikuwahi kujiuliza. Na Jerry hakujua kama simu hubaki na jina la mwenyewe wa kwanza.

Sikupiga kelele. Nikamgeuzia skrini, nikamsomea mstari wa Ijumaa ile, saa na dakika.

Akakaa kitandani.

"Nilitaka nifute ile moja tu ya usaili," akasema. "Sikujua ni ipi. Nikafuta zote."

"Kwa nini?"

"Ungekwenda Unguja usingerudi, Mode."

"Na bakapu?"

"Nilikuona siku moja unavyoifungua."

"Na mimi nilipokuwa nalia kwenye simu, ukaniambia nimkomeshe Usama."

Akaigeuza simu kifudifudi godoroni.

Nilitoka nikaenda kwa Bi Mwatum, alikuwa anapepeta mchele. Nikamuuliza kama anaikumbuka Ijumaa niliyokwenda Mtambile.

"Naikumbuka. Si alikuja Jerry. Alisema anakungoja, nikampa chai, akakaa hapa ukumbini na simu yake. Akaondoka bila kukungoja."

"Na Usama alikuwa wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Ijumaa adhuhuri? Msikitini, mwanangu. Awe wapi tena?"

"Mbona hukuniambia Jerry alikuja?"

"Hukuniuliza. Weye siku zile ulikuwa husemi na ntu."

Nikarudi chumbani. Jerry bado amekaa palepale. Nikavua pete, nikamwekea mkononi, nikamwambia atoke. Nikampigia baba, nikamwambia wazee wa Jerry wasije tena na kwa nini wasije.

Mtu aliyestahili kisasi alikuwa mbele yangu na mimi sikuwa na nguvu hata ya kumtukana. Kisasi chote nilikuwa nimekwisha kukimaliza kwa mtu asiye na kosa.

Usama akarudi kutoka Wete kesho yake mchana. Nikamwita. Sikutaka kueleza kwa maneno nikajikuta napunguza. Nikamfungulia kanuni yenyewe, ya mlango wa nne, akaisoma kama fundi anavyosoma kazi ya fundi mwenzake, taratibu, mpaka chini.

"Umeandika weye?"

"Nimeandika mimi."

Nikamweleza yote. Jerry, simu, ruta, michoro ya uongo. Nikamwomba msamaha.

Nilipomaliza akairudia kusoma.

"Sekunde nane," akasema. "Kanuni nzuri, Da Mode. Haina kosa hata moja."

Afadhali angenipiga.

Akafika mlangoni, akasimama akinipa mgongo.

"Mama ungemwachia mjukuu wake," akasema. Akaenda zake.

Niliifuta kanuni ile saa hiyo hiyo. Kwa ile kampuni niliandika barua kwa jina langu kamili, nikaeleza nilichofanya, kosa si la Usama. Wakajibu kwa mistari miwili: wanashukuru kwa taarifa, nafasi imeshajazwa. Mimi na Unguja ndiyo basi tena, nani atamwajiri fundi aliyekiri vile?

Usama sasa yuko Mtambile, anatengeneza simu kibandani. Tukikutana njiani namsalimu, ananijibu salamu yangu vizuri kabisa. Baada ya hapo hakuna neno la pili.

Bi Mwatum hakunifukuza kwenye nyumba. Mjukuu anamwona kila alasiri, sura safi, nasikia kicheko chake huko mbele. Lakini simu yake ikigoma hunipita mlangoni, anampelekea mtu mwingine.

Ndugu zangu, sina la kuwafundisha zaidi ya hili. Ukitendewa ubaya na ukaona umempata mbaya wako, kabla hujamlipa tembea ukamuulize yeye mwenyewe, na uwaulize waliokuwepo. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa Bi Mwatum ni hatua ishirini. Mimi niliona ni mbali, nikaiuliza ruta.

Ruta ilinijibu kweli tupu. Na kwa kweli hiyo hiyo nikamwangamiza rafiki yangu.