Mugeni wa mu Filme Alikula Kweli

Mujukuu wangu mwanamuke anasoma sixième, mwaka wa mwisho wa secondaire, mu Butembo, na somo moja ile banamufundisha ni sinema. Miye bibi yake, ule anaita Mukaka, sikuvukaka mulango wa kalasi, nikamuuliza: "Banakufundisha kuangalia?" Akanijibu na sauti ya mu pua, sawa mutu wa habari ku radio: "Mukaka, tunachunguza i-mage." Nikasema: "Aa, basi ile shule miye nilishaimaliza. Tangu nizaliwe nachunguza batu."

Lakini ile mwaka haikukuwa ya kucheka sana. Ku mwisho, kila mwanafunzi alipashwa kuleta filme yake fupi mbele ya jury. Bila filme anakosa points, na bila points hamalize shule. Kamera hana. Mutoto wangu, ni baba yake mudogo, eko na telefone ya muzuri, na anaishi pamoja na miye huku Beni, mu Bungulu. Njo mujukuu akashuka kutoka Butembo. Baba mudogo akamwambia: "Chukua, mupaka muchana. Kisha naenda Mbau kuangalia kakao, na telefone inaenda na miye."

Filme yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Mwanamuke muzee eko mu nyumba. Dada yake anatoka Eringeti bila kutuma habari. Anaingia, ananawa, anakula, hakuna mwenye kusema kitu.

"Juu ya nini hatuseme?"

"Mukaka, ni art."

Nikanyamaza, ikakuwa art.

Muzee ni miye. Dada ni jirani yangu, mama moja munene, anatembea sawa bata yenye kutoka mu muto. Nilipika bugali, majani ya sombe, na makayabo kidogo, ile samaki ya chumvi, juu jirani asiende kusema kama filme yetu ni ya bamaskini.

Jirani akaingia. "Hooodi, dada yanguuu!" Haikukuwa sauti yake, ilikuwa ya bamama ba kora mu kanisa siku ya Pasaka. Nikacheka. "Coupez, kata!" mutoto akalalamika. Jirani akatoka, akaingia tena muzuri. Nikamumwangia mayi ku mikono, nikamupakulia, akakula. Akamaliza yote. Akalamba vidole. "Wasingya," akanishukuru na Kinande.

"Muzuri!" mujukuu akasema. "Sasa tunarudilia, nakamata sura ya karibu. Sahani ikuwe vile ilikuwa."

Nikapakula tena. Jirani akakula tena, akamaliza.

"Mama, hapana kumaliza! Fanya tu sawa unakula!"

Jirani akamuangalia sawa amemutukana. "Ninawe mikono, kisha nikae tu pale, naangalia chakula? Mutoto, nani alikulea?"

Aliyemulea nilikuwa pale, na nilikuwa upande wa jirani. Kwetu sahani ya mugeni haiondoke mbele yake na chakula ndani. Mutoto anasema "toa," mukono wangu unakataa. Basi kila mara anaingia, napakula. Kila mara napakula, anakula. Mwanzo alikuwa anaingia mbio. Nyuma akaanza kuingia amekamata mulango. "Dada," akaninongoneza, "leo Eringeti imekuwa karibu sana."

Mutoto akaangalia bile alikamata. Ku image ya mbali bugali ni mulima. Ku image ya karibu ni kilima. Makayabo inapotea, inarudi, inapotea. Akaanza kulia. Nikafanya sauti ya prof wake, ule wa Kinshasa, nilimusikiaka ku mukutano wa bazazi, nikatoa tumbo mbele, na Lingala yake: "Mama na ngai! Makayabo ya mu filme yako inatembea na miguu?" Hakucheka. Njo nikajua jambo ni kubwa, juu ule mutoto anacheka hata mu misa.

Mu sufuria kulibaki bugali ya mutu moja. Inje, baba mudogo alishaanza kufunga mifuko ku pikipiki.

Mutoto akapanguza macho. Akaweka bidon juu ya kiti, telefone juu ya bidon. "Hakuna coupez tena," akasema. "Mutafanya mara moja, kutoka mwanzo mupaka mwisho."

"Na nikicheka?"

"Utacheka mu filme, Mukaka, na miye nitaanguka shule."

Sikucheka. Jirani akaingia, akakaa. Akaangalia ile bugali sawa mutu mwenye kuanza kupanda milima ya Lubero. Akakula polepole. Kinywa moja, anapumzika. Anaangalia dirisha. Anameza na nguvu. Miye namungojea tu. Mvua kidogo ikaanguka ku mabati. Akaendelea mupaka sahani ikakuwa mweupe, akafunga macho.

Siku ya jury nilipanda Butembo, nikakaa nyuma. Filme, ile baba mudogo alimutumia, ikaanza ku ukuta. Jirani akaingia, akameza, akaangalia dirisha. Mama moja karibu yangu akatoa kitambala. Barabara ya Eringeti, kila mutu anajua bile inaleta: batu benye kukimbia bauaji.

Ikaisha. Prof akauliza na sauti ndogo, ile sikumujuaka nayo: "Ule mama, ni nini alikutana nayo mu njia?"

Mujukuu wangu akanitafuta na macho. Nilikuwa nimefunika kinywa na kitenge. Angeweza kusema chochote.

"Prof, alikuwa ameshiba. Tulirudilia sana, na kila mara alikula. Kwetu mugeni hanawe mikono bule."

Kisha padri moja wa mu jury akacheka mupaka miwani ikaanguka, na batu bote mu salle nyuma yake, na ule mama wa kitambala pia. Prof peke yake hakucheka. Akamuuliza: "Na kuacha telefone pahali moja, ni nani alikwambia?"

"Hakuna mutu. Bugali ilikuwa inaisha."

Prof akakamata bic. Akaandika. "Bon. Umepita. Keti."

Mujukuu wangu akarudi nyuma, akakosa kiti, akaketi chini ku simenti, na akabaki palepale.