Vijiji Vinne vya Emau

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2015, nilifika mapema mno, nikapanda na kushuka Jules Street mpaka mwenye duka la mapazia akaniuliza kama nimepotea. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka lake, hapo mtaa wa Malvern: vyumba viwili vya kuchorea ramani za Biblia kwa wasomaji wa Kiswahili. Mkuu wa Ramani, Papa Kasongo, aliyewahi kupima ardhi Lubumbashi, alinionyesha alama tatu. Nukta nyeusi ni mahali panapojulikana. Duara tupu ni mahali panapodhaniwa. Duara lenye alama ya kuuliza ni mahali ambapo wataalamu bado wanabishana.

"Basi," akasema. "Anza na Uyahudi."

Ninyi mtakaokaa kwenye meza ile baada yangu, kazi yenyewe ni hii. Unasoma andiko linasema nini kuhusu umbali na majirani. Unatafuta tel, yaani kilima kilichoinuka kwa sababu watu walijenga juu ya magofu yao wenyewe, tena na tena. Unasoma ripoti za wachimbaji uone vigae vyake ni vya enzi gani. Mwisho unaangalia jina, kwa tahadhari, kwa sababu watu wakihama huondoka nalo. Yeriko ya kale ni kilima kilicho pembeni ya mji wa leo.

Mimi tahadhari nilikuwa nayo kupita kiasi. Wiki ya pili Papa alivua miwani yake.

"Mutoto wangu, mpaka Yerusalemu umeitia alama ya kuuliza. Unaogopa imehama?"

"Nilikuwa nawaza kuhusu kuta za zamani, Papa."

"Eish."

Alinivumilia hivyo miaka mitatu. Mwaka 2018 alitangaza kwamba atastaafu karatasi ya Uyahudi ikishachapishwa. Macho yake yalikuwa yanafifia, na alitaka kuiona kabla hayajazimika. Kilichobaki kilikuwa sehemu yangu: Emau, kijiji walichokuwa wakikiendea wale wanafunzi wawili katika Injili ya Luka.

Nakala nyingi za Luka zinasema stadia sitini kutoka Yerusalemu, kama kilomita kumi na moja, chache zinasema mia na sitini, karibu kilomita thelathini, na kuna vijiji vinne vinavyodai kuwa ndiyo yenyewe. Nilisoma, nikasoma tena, wiki zikapita, na Papa akawa anasogeza karatasi karibu zaidi na uso kila siku. Mwishowe nikaifuta Emau kabisa. Nilijiambia kwamba mahali peupe hapawezi kuwa na kosa.

Kabla ya kuchapisha, kila karatasi ilipelekwa mtaa wa jirani, Jeppestown, siku ya Jumamosi, kwa kina mama mafundi cherehani waliokuwa wakisoma Biblia pamoja. Mama Neema, wa Kivu, alitandaza ramani kwenye meza ya kukatia, akavuta futi yake ya kupimia kutoka Yerusalemu, akazungusha.

"Emau haiko. Sasa wale wawili walikuwa wanaenda wapi?"

Nikamweleza habari za vijiji vinne. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijiji chetu kiliungua na vita," akasema. "Tukavuka muto, tukajenga ingine, jina ile ile. Mutu akiniuliza kwetu ni wapi, nitamuonyesha zote mbili. Siwezi kumwambia haiko."

Papa, aliyekuwa ameketi kando, aliomba ramani, akaitafuta Emau kwa kioo cha kukuzia.

"Umeifuta?"

"Niliogopa kukosea, Papa."

"Na ile alama yako ya kuuliza? Si ulikuwa unaipenda sana?"

Kina mama walicheka, nami nikacheka, huku machozi yakinilenga. Jumatatu nilichora maduara manne, kila moja na alama yake.

Mkataba wangu nao unakwisha mwezi huu, na bado nahakikisha mara tatu kama nimefunga mlango. Lakini sijafuta mahali pengine popote.

Karatasi ile ya Uyahudi ilitoka kiwandani mwaka 2019, siku ya mwisho ya Papa kazini. Aliipeleka dirishani. Rangi ya bahari aliiona, herufi, hapana.

"Nipeleke Emau."

Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya kila duara, moja baada ya jingine.

"Ya kweli ni ipi?"

"Sijui, Papa."

"Sharp, ni sawa kabisa," akasema, na akaomba tuanze tena kutoka Yerusalemu, polepole.