Maua ya Mwezi wa Nane

Kila Ijumaa nikikatiza vichochoro vya mtaa wa Biryogo hapa Kigali, hukutana na harufu ya asumini kwa wauza manukato karibu na msikiti. Wenzangu wa kazini huivuta kwa raha. Mimi hubana pua na kuongeza mwendo, na wapo wanaodhani naringa. Nyinyi msinidhanie hivyo. Ua la kahawa linanukia vivyo hivyo, na nilipokuwa na miaka kumi na mmoja harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu kabla ya wakati wake. Aliyeileta ni mimi.

Tulikaa nyuma ya mlima Kigali, kwenye mteremko unaoshukia mto Nyabarongo. Baba alichomelea milango ya chuma Kimisagara, na kazi yake ilitulisha. Kahawa ilikuwa ya mama. Alikulia Burundi, akivuna mashamba ya watu, akarudi Rwanda na ujuzi huo pamoja na Kiswahili chake, ambacho ndicho tulichopigia soga jikoni. Mavuno yetu yalikuwa na kazi moja tu, nayo ni shule. Yale yaliyokuwa yakingojewa yalitakiwa kutosha wawili: dada yangu Odeta, aliyekwisha kuanza sekondari, na mimi, niliyekuwa nikikaribia kuingia.

Nyuma ya jiko kulikuwa na tangi jeusi lililojaa maji ya paa tangu masika. Mama alilichunga kuliko alivyotuchunga sisi. Miche michanga ilipata kopo moja la majarini kila mmoja, jua likishazama, maji yakimiminwa polepole chini ya majani makavu yaliyotandazwa shinani ili ardhi isikauke. Ukimwaga juu ya majani hayo bila kuyafunua, unaitwa mjinga mbele ya wageni. Miti mikubwa haikupewa hata tone mwezi wa saba na wa nane. Majani yake yalijikunja, yakalegea, vumbi jekundu likayakalia. Mimi nilipita hapo kila asubuhi na roho inaniuma.

"Mama, kahawa iko inakufa," nilimwambia siku moja.

"Haikufi. Iko inangoja," alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo maji iko na siku yake."

Sikuelewa, na mama hakuwa mtu wa kueleza mara mbili. Kusema kweli niliona ni uchoyo.

Kisha babu mzaa baba akafariki huko Huye, wazazi wakaenda msibani siku tatu. Odeta aliachiwa nyumba, na siku ya pili akaenda mazoezi ya kwaya. Niliunganisha mpira kwenye bomba la tangi, nikaushusha shambani, nikafungulia. Loo, raha niliyoipata! Maji yalikimbia kati ya mistari ya miti yakiburuta majani makavu, udongo ukatoa mvuke na harufu ya mvua, nami peku peku nikirukaruka kwenye tope, nikihamisha mpira mti hadi mti na kuipa pole kwa kiu yake. Niliacha pale tangi lilipoanza kukoroma.

Odeta aliporudi aligonga tangi kwa ngumi, likalia tupu. "Yewe! Umefanya nini?" Hakunipiga. Alikaa chini pale pale na vazi lake la kwaya.

Kesho yake jioni mama alifika kabla ya baba, aliyebaki barabarani akiongea na jirani. Aliteremka moja kwa moja shambani, akakaa huko kitambo, akapanda, akamwita Odeta nyuma ya jiko. Baba alipoingia, Odeta alimwambia kwamba alikuwa anafua nguo na akasahau kufunga bomba. Baba alivua mkanda. Mimi nilisimama mlangoni nikaacha apigwe. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa mwoga, basi.

Siku ya tisa shamba lote lilikuwa jeupe kwa maua. Majirani walikuja kutazama, baba akacheka kwa furaha, akasema kumbe maji hayakupotea. Mama aliweka mikono yote miwili kichwani, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo.

Ndipo alipotueleza. Kahawa iliyokaa na kiu ikipata maji mengi hudhani mvua imefika, hutoa maua yake yote. Maua yakianguka, vitufe vya matunda vinavyobaki ndivyo vinavyohitaji maji kuliko kitu chochote. Tangi lilikuwa la siku hizo. Mvua ya kwanza ikileta maua kisha ikakatika, kopo moja kwa kila mti lingeyaokoa mazao. Sasa maua yalikuwa yametoka, tangi tupu, mvua haipo. Vitufe vilikauka vikawa vyeusi, vikapukutika tukiviangalia.

Mavuno ya mwaka uliofuata hayakujaza mabeseni matatu. Baba akaamua kwa sentensi moja: aliyemwaga maji ndiye atakayekaa nyumbani. Mimi nikaenda sekondari na sare mpya. Odeta akaenda Kiyovu, mtaa wa matajiri, kufua nguo za watu, na huko ndiko alikomalizia ujana wake.

Miaka yote niliamini kwamba dada alijitolea kwa ajili yangu kwa hiari yake, na kwamba siri ilikuwa yetu wawili. Mwaka jana nilimwomba msamaha. Alikuwa anamenya viazi, wala hakusimamisha kisu.

"Mama alijua siku ile ile," alisema. "Aliona nyayo zako kwenye tope, ndogo ndogo, zimeanza kukauka. Akazifunika na majani baba hajashuka. Mimi akaniambia, 'Wewe ushaonja sekondari. Huyu bado. Sema iko wewe.'"

"Na wewe ukakubali?"

"Ningefanya nini? Iko mama."

Mama angali hai. Anajivunia kazi yangu ya ofisini, huwatajia wageni cheo changu hata wasipouliza. Siku zote nilijiona mtu mwenye bahati. Sasa najua kwamba jioni ile, kwenye tope ambalo halijakauka vizuri, mama alikadiria mavuno yatakayobaki, akaona yanatosha mtoto mmoja, akachagua. Odeta akiwa anatukaribisha chai, mama hamtazami usoni. Nami, tangu nijue, nimeshindwa pia kumtazama.