Maua ya Mtini wa Shangazi

Kwanza nilisikia kuku wakigombana. Nilikuwa chumbani mwangu, nyumbani kwetu Kirewa, dirisha nimelifunga na mlango nimeurudisha, kwa sababu sura ya nne ya riwaya yangu haikutaka kelele za dunia. Kisha pikipiki ya bodaboda ikazima uani, na sauti ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ikawauliza kuku: "Nyinyi nakula nini hapo?"

Nilijua walichokuwa wakila. Nilikuwa nimewatupia mwenyewe asubuhi ile.

Shangazi ana kibanda cha chakula Malaba, mpakani, pale malori yanapopanga foleni. Anaishi katika chumba cha kupanga, na ua wake ni saruji tupu. Kwa hiyo dereva mmoja aliyependa samaki wake alipomletea kijiti cha mtini, kimeviringishwa kwenye gunia bichi, alikuja kukipanda nyuma ya nyumba yetu na kunikabidhi. Tangu utotoni amesikia habari za tini zikisomwa kanisani, na hajawahi kuitia hata moja mdomoni. Alitaka moja tu, ya mti wake mwenyewe.

"Wewe si uko nyumbani tu," aliniambia siku ile.

Nikamsahihisha: naandika.

"Ndiyo, mwanangu. Nimesema uko nyumbani tu."

Niliutunza mti ule kwa mapenzi ya mtu ambaye hajawahi kutunza chochote. Nilitia samadi ya ng'ombe mpaka mama akaniuliza kama naupanda mti au nauzika. Jioni niliusomea aya zangu mpya, na haukuwahi kupinga. Zaidi ya yote, nilingoja maua. Sura ya pili ya riwaya yangu ina kurasa tatu za maua ya mtini, meupe, yakimdondokea bibi harusi mabegani. Nilipozisoma mbele ya kikundi chetu cha waandishi kule Tororo mjini, watu walifumba macho kwa utamu. Tulikuwa saba, na sasa najua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mtini ukizaa.

Maua hayakuja. Penye vikonyo vya majani vikatokea vivimbe vya kijani, vigumu, kama majipu. Nikaamua ni ugonjwa. Nikavichuma kimoja kimoja ili mti upate nguvu ya kuchanua. Utomvu mweupe ukanitiririkia mkononi, jua likaniwakia, na kesho yake nilikuwa na malengelenge mpaka kwenye kiwiko. Nilikwenda kikundini nimefunga kitambaa, nikasema ni majeraha ya kazi, nikawaacha wadhani ni kalamu. Mwaka uliofuata majipu yakarudi, nikayachuma tena. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Nilipotoka nje, shangazi alikuwa amesimama katikati ya kuku, panga mkononi.

"Karibu, shangazi. Panga la nini?"

"Ya kukata mti. Miaka tatu, tunda hakuna! Nimefunga kula Ijumaa tatu, nauliza Mungu nimekosa wapi. Wamama wa maombi wanasema mti kama hii iko kwa Injili, nakatwa." Akafungua kiganja cha mkono wa pili. Ndani yake mlikuwa na kijipu kimoja alichomnyang'anya jogoo. "Sasa hii ni nini?"

"Ugonjwa," nikasema, kwa sauti ya bwana shamba. "Lakini nimeudhibiti."

Alikiweka kile kijipu juu ya kizingiti, akakipasua kwa ncha ya panga. Ndani kulikuwa na vinyuzi vyeupe, vimebanana, na wekundu kidogo kwa mbali.

"Dereva aliniambia mti hii nachanua ndani ya tunda yake. Hii ndiyo maua. Nani nachuma?"

Ningeweza kusema ni ndege. Niliwafikiria popo, nikafikiria mvua ya mawe. Kutunga ndiyo kazi yangu. Lakini nilizikumbuka zile Ijumaa tatu. Mwanamke ambaye siku nzima huwapakulia watu wengine sahani alikuwa amekaa na njaa, akiitafuta dhambi yake, na dhambi yenyewe ilikuwa chumbani ikiandika sura ya nne.

"Ni mimi," nikasema. "Miaka yote mitatu."

Akakaa kizingitini. "Kwa hivyo Mungu hana neno na mimi?"

"Hana, shangazi."

"Ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akawa anainua jani moja moja kama anayefunua sufuria. Chini kabisa, upande wa ukutani, aliikuta tini moja, kubwa kuliko zote nilizochuma. Sikuwa nimeifikia kwa sababu ningelazimika kupiga magoti. Akachana utepe kwenye ncha ya kilemba chake, akaufunga kwenye tawi lile.

"Hii nitarudi kuikula."

"Nitaitunza, shangazi."

"Hapana! Wewe usitunze kitu. Mama yako atamwagia maji."

Akanishika bega, akanisukuma hadi chumbani, mpaka mbele ya meza yenye karatasi zangu.

"Maua yako iko hapa," akasema. "Chuma hapa."

Akatia panga kwapani, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa nguvu, kama mtu anayefungia mbuzi.