Meza ya Fundi Nyuki

Mtaa mzima ulimwita Fundi Nyuki, kwa sababu kila alipokuwepo palikuwa na mvumo. Kazi yake ilikuwa kutetemesha zege. Kwenye nguzo alizamisha vaibreta ya sindano, ile fimbo ya chuma inayotetemeka, katikati ya nondo, akaivuta juu polepole. Kwenye sakafu alipitisha vaibreta bapa. Na uani kwake alikuwa na meza ya chuma yenye mota chini, aliyoiunda mwenyewe, ya kutengenezea mifuniko ya mitaro. Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyejaza zege kwenye kalibu, na miaka yote alisikia wimbo ule ule wa mumewe: "Usizime mpaka viputo viishe na uso ung'ae. Ukizima mapema unaacha mashimo ndani. Ukichelewa, kokoto zinazama, maji yanapanda, mfuniko unakuwa bure."

Kifua kilipomwondoa fundi, Mama Pacha alikodisha sindano na ile bapa kwa mafundi wengine. Meza ilibaki, maana ilikuwa imefungwa kwa boliti sakafuni. Akamwita wifi yake, dada wa marehemu, wakaendelea na mifuniko wakiwa wawili.

Mchana mmoja wingu la mvua lilikuwa limetanda, wakawa mbiombio. Mama Pacha akazima mota kabla ya wakati. Meza ikaendelea kuvuma.

"Wifi, chomoa waya kabisa."

"Nimeshauchomoa. Huu hapa mkononi."

Viputo vilipanda kwenye zege kimoja kimoja, vikapasuka. Uso ulipong'aa, mvumo ukakatika, kama mtu aliyeondoa mkono. Wifi alitoka uani akiwa na kiatu kimoja.

Tangu hapo, kila wakizima mapema, meza ilijimalizia kazi. Wifi alitaka waikate wauze chuma chakavu. Mama Pacha hakutaka kusikia. Nyumba ilikuwa imempwaya. Pacha wake walikuwa na familia zao mbali. Akaanza kuzima mapema makusudi. Akiwa peke yake aliweka viganja juu ya kile chuma, akazungumza nacho: paa linavuja, mjukuu ameota jino. Mota chini ilikuwa baridi, lakini chuma kilikuwa na uvuguvugu wa mwili.

Kisha mvumo ukaanza kurefuka. Uso uling'aa na meza isinyamaze. Maji yakatuama juu, kokoto zikazama. Mifuniko ikawa inamegeka kama biskuti, na mteja mmoja akarudi anachechemea, wake umemvunjikia mguuni.

Wifi aliokota kipande, akakigeuza mkononi.

"Kaka yangu hajawahi kuharibu zege," alisema kwa sauti ya chini. "Unamwita, anakuja, halafu hajui pa kurudia. Unamfanyisha kazi hata huko aliko, Mama Pacha."

Mama Pacha alikichukua kile kipande, akaingia nacho ndani.

Asubuhi alijaza kalibu, akawasha mota, akasimama hapo hadi kiputo cha mwisho kilipopasuka. Akazima. Akachomoa waya mwenyewe. Chini ya viganja vyake akasikia mtetemo mdogo, kama mtu anayeuliza jambo.

"Imeng'aa, Baba Pacha," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Nenda."

Mtetemo ulipanda vidoleni, ukafika viwikoni, ukakaa hapo kitambo. Halafu ukatoka, na uvuguvugu wote ukatoka nao.

Meza haikuvuma tena bila umeme. Mifuniko ikarudi kuwa migumu, wateja wakarudi mmoja mmoja. Wifi alihamia chumba cha pacha, na jioni wanagombana nani kamaliza sabuni. Ila viganja vya Mama Pacha vimebaki na baridi, hata akae jikoni mchana kutwa. Akimpa wifi yake kikombe cha chai, wifi hukipokea kwa kushika kishikio tu, asije akamgusa.